Kompyuta ya Linux Inapoganda Wakati wa Kufuta Mafaili

Kazi yangu hapa Chake Chake ni kupiga na kuhariri video za harusi na maulidi. Unapoingia Mfunguo Mosi, harusi hufuatana hadi mtu akakosa siku ya kupumzika, na diski zangu hujaa ndani ya wiki moja, kwa hivyo kufuta mafaili kwangu ni sehemu ya kazi kama kulivyo kuhariri kwenyewe. Kompyuta ninayoitumia ina Linux Mint, na kwa muda wa karibu miezi mitatu ilikuwa na tabia moja iliyonitia mashaka: kila nilipofuta folda kubwa, skrini iliganda, mausi ikasimama, sauti ikakatika, na baada ya nusu dakika au zaidi mambo yakarudi kama kwamba hakukuwa na lolote.

Kosa langu la kwanza, ambalo nimewaona na wengine wakilifanya, lilikuwa kuilaumu Linux yenyewe. Nilifuta mfumo mzima na kuuweka upya, kazi iliyonimalizia usiku, kisha nikarudisha mipangilio yangu ya zamani, na ugonjwa ukarudi pamoja nayo. Laiti ningalijiuliza mwanzo ni kitu gani hasa kinachofanyika faili linapofutwa, ningaliokoa usiku ule.

Kufuta faili hakuhitaji kompyuta ipitie yaliyomo ndani yake. Mfumo wa faili wa ext4, ambao ndio unaotumiwa na Linux nyingi, huondoa jina la faili katika folda, huandika kwamba nafasi iliyokaliwa sasa iko wazi, na mabadiliko hayo huyatia kwanza katika jarida lake, yaani daftari la mabadiliko, ili umeme ukikatika katikati, muundo usivurugike. Ndiyo maana hata video ya GB 20 hutoweka upesi sana. Kompyuta ikiganda hapo, usidhani kwamba imeelemewa na kazi nyingi. Mara nyingi kuna jambo dogo ambalo diski imeulizwa na imechelewa kulijibu, na programu zote zinazoihitaji diski hiyo zimepanga foleni nyuma yake.

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha programu na diski. Ukifuta kwa dirisha la mafaili, kwa kawaida faili huhamishiwa tu katika pipa la taka, na dirisha hilo lina shughuli zake nyingine, kama kuchora picha ndogo za kila video. Jaribu kufuta faili kubwa usilolihitaji kwa amri ya rm katika terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Ikiwa rm haisababishi kuganda, mtuhumiwa ni dirisha la mafaili, na diski yako haina kesi.

Ikiwa kompyuta inaganda vilevile, fungua top, programu inayoonyesha kazi zinazoendelea, katika terminali nyingine kabla ya kufuta, uangalie mambo mawili. La kwanza ni tarakimu iliyoandikwa wa, ambayo huonyesha sehemu ya muda ambao prosesa imekaa bure ikisubiri diski. Ikipanda sana huku prosesa haina kazi nyingine, umeshajua upande wa kutafuta. La pili ni programu zenye herufi D katika safu ya hali. Programu iliyo katika hali hiyo inasubiri diski na haisikii kitu, hata ukiiamuru ife kwa kill -9 haitakufa mpaka ijibiwe. Kwa hiyo usikimbilie kitufe cha umeme. Subiri dakika mbili tatu, ujaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Terminali ikifunguka, kompyuta iko hai.

Baada ya hapo soma kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa sudo dmesg, na ikiwa ulilazimika kuizima, tumia journalctl -k -b -1, ambayo huonyesha yaliyoandikwa kabla ya kuwasha upya. Maneno "blocked for more than 120 seconds" ni lalamiko tu la kerneli kwamba kuna aliyesubiri mno, na hayataji sababu. Maneno "I/O error" au "hard resetting link" ni mengine kabisa, na nitayarudia.

Kwangu hayakuwapo. Kilichonifungua macho ni kwamba kuganda hakukuja papo hapo: rm ilimaliza, nikapata nafasi ya kuandika amri nyingine, ndipo mambo yakasimama. Kwa kawaida ext4 hukamilisha maandishi ya jarida lake kila baada ya sekunde 5, na ikiwa diski imeunganishwa na mfumo kwa chaguo la discard, ni wakati huo ndipo huiarifu SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) kwa amri ya TRIM kwamba nafasi fulani haina kitu tena. Katika SSD nyingi zinazounganishwa kwa njia ya SATA, hasa za zamani, TRIM haiwezi kupanga foleni pamoja na amri nyingine: zote zilizotangulia lazima zimalizwe, TRIM ifanywe peke yake, kisha ndipo nyingine ziendelee. SSD yangu ya bei nafuu ilikuwa ikitumia nusu dakika katika hilo. Na neno discard nililiandika mwenyewe katika /etc/fstab, faili linaloueleza mfumo namna ya kuunganisha diski, kwa kufuata ushauri ambao sikuuelewa.

Ukitaka kujaribu bila kuhariri kitu, andika sudo mount -o remount,nodiscard / halafu ufute tena. Ikiwa tatizo limeondoka, toa nakala ya /etc/fstab kwanza, kisha liondoe neno hilo kwa uangalifu, kwa sababu kosa dogo katika faili hilo linaweza kuzuia kompyuta isiwake. TRIM yenyewe usiiache, maana SSD inaihitaji. Hakikisha kwa systemctl status fstrim.timer kwamba inafanywa mara moja kwa wiki. Kwangu hufanyika Jumatatu asubuhi nikiwasha kompyuta, wakati mimi niko kwenye chai.

Wenye Btrfs, mfumo mwingine wa faili, watazame kwanza wingi wa picha za mfumo (snapshot) walizohifadhi, hasa wakiwa wamewasha hesabu ya mgao wa nafasi (quota), kwa kuwa kuzifuta kwa pamoja ni kazi nzito.

Maalim mmoja wa skuli ya Wete aliniletea kompyuta yenye dalili zilezile, nami karibu nimwambie aondoe discard. Diski yake ilikuwa ya kuzunguka, na dmesg ilikuwa imejaa "I/O error". Amri ya sudo smartctl -a, inayosoma hali ya afya ya diski, ilionyesha Current_Pending_Sector ikiongezeka kila tulipoitazama, yaani kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Kama iliyokuwa ikiongezeka ingalikuwa UDMA_CRC_Error_Count, ningaliishuku waya wa SATA, kwani huku kwetu hewa ya chumvi haiachi chuma salama. Nilimkataza kufuta kitu au kuendesha fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, kabla ya kunakili mafaili yake. Tuliyanakili kwenye diski nyingine usiku ule. Mitihani mitatu haikusomeka, akaichapa upya kutoka kwenye karatasi.