AC inakata gari likipata joto

SWALI: Nikitoka Moshi asubuhi AC inapoza vizuri. Nikikaribia Arusha inatoa hewa ya moto; nikizima gari nusu saa, inarudi. Fundi anasema ninunue kompresa nzima. Nifanyeje? – Msomaji, Moshi

JIBU: Usinunue bado. Mara nyingi dalili hiyo ni klachi iliyolika, yaani kiungo kati ya kompresa (pampu ya gesi ya AC) na puli inayozungushwa na mkanda wa injini: bamba la mbele limekaa mbali na puli, na koili (waya uliosokotwa unaogeuka sumaku ukipata umeme) ikipata joto sumaku yake hudhoofu, ikashindwa kulivuta.

AC ikikata, acha injini ikiwaka na upime umeme kwenye waya wa koili. Ukipata volti 12 au zaidi na bamba halizunguki, kosa liko kwenye klachi. Umeme usipofika, angalia fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na gesi ya AC; gesi ikipungua, swichi ya presha hukata umeme.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, pima nafasi ya bamba na puli kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), sehemu tatu. Gari nyingi ndogo hutaka milimita 0.3 hadi 0.6. Ikizidi, fungua bolti ya katikati, utoe washa (kipete cha chuma) moja nyembamba nyuma ya bamba. Usitoe zote, bamba litasugua puli muda wote na kuungua. Washa hizo hupotea kirahisi, tandika kitambaa chini.

Puli ikinguruma hata AC ikizimwa, hiyo ni beringi ya puli iliyolika.