Kwa nini wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia hawana majina kwenye kumbukumbu?

Ndugu, umeuliza kwa nini sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, haina jina hata moja la waliofariki. Ni kweli kwamba maandishi yake, yaliyowekwa kwa Kiingereza, Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini yanawataja kwa jumla tu. Sababu si kwamba majina yote yalipotea. Wakuu wa Kiingereza wa enzi hizo waliamua kwamba askari wa Kizungu astahili kaburi lenye jina lake, ilhali Mwafrika aliyebeba risasi na chakula mgongoni hadi akafa kwa njaa, malaria au kuhara damu angetosheka na mnara mmoja kwa wote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kosa hilo na kuomba radhi, ikikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Jina la Kariakoo, ambalo tunalitamka kila siku, limetokana na “Carrier Corps”, yaani kikosi cha wapagazi hao. Kwa hiyo nakuomba sana, kama nyumbani kwenu bado yupo mzee anayelikumbuka jina la babu aliyechukuliwa kubeba mizigo, liandike leo, pamoja na kijiji alichotoka.