Kamera kuukuu: anza na umeme, mdogo wangu

Wewe unayeanza ufundi wa kamera za ulinzi, kazi nyingi za mwanzo hazitakuwa za kufunga mpya. Utaitwa gesti, duka la jumla au stoo yenye kamera nane zilizofungwa miaka kumi iliyopita, na mwenye mali atakuambia hela hakuna kabla hujafungua begi. Usikimbilie kumwandikia bei ya mfumo mzima. Katika kazi zangu hapa Tanga, kamera inayoitwa mbovu mara nyingi ni nzima. Kilichokufa ni umeme wake au kiungo chake.

Swali la kwanza: inazima saa ngapi? Kama mchana picha ni safi, usiku inakatika na kurudi, shuku pawa saplai. Giza likiingia taa za infraredi, zile za kuonea gizani, huwaka, na kamera iliyokuwa ikila ampea 0.2 hivi inaweza kufika 0.5. Mara nane, ampea 4. Saplai kuukuu iliyoandikwa ampea 5 huenda haizitoi tena. Ifungue uone kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, zilivyovimba. Usipime mchana pale kwenye saplai ukaridhika na volti 12. Pima kwenye mkia wa kamera, ule waya mfupi unaotoka nao, ikiwa imewashwa na taa zake zinawaka. Huna haja ya kungoja magharibi, funika kamera zote kwa vitambaa vyeusi. Mimi niliwahi kumbadilishia mteja kamera mbili bila kupima. Ya tatu nilipoipima nikakuta volti 9.6. Zile mbili nilizilipa mfukoni mwangu.

Kisha viungo. Hewa ya bahari haina huruma na BNC, vile viungo vya kebo ya picha, za kukaza kwa skrubu. Ukikuta shaba imeota ukijani, usiipake chochote: kata waya hadi ufike penye kung'aa, weka kiungo cha kubana kwa koleo lake, kisha kifiche ndani ya boksi la plastiki lenye tundu dogo chini la kutolea maji. Na beba ufagio. Wadudu hufuata taa, buibui hufuata wadudu, na utando mbele ya lenzi huakisi infraredi mpaka picha yote inakuwa ukungu mweupe. Usicheke, nimeshalipwa nauli ya Pangani kwenda kufuta utando.

Lakini kilichonitia aibu kuliko vyote ni diski ya kuhifadhi rekodi (hard disk). Stoo moja iliibiwa, tukaenda kutazama rekodi, hakuna kitu. Kwenye skrini picha zilikuwa zinatembea vizuri kila siku, ila diski ilikuwa imekufa wiki kadhaa nyuma. Mlio wa tahadhari wa DVR, ile mashine ya kurekodi? Niliuzima mwenyewe, maana mhasibu alilalamika unamsumbua. Picha ya moja kwa moja si ushahidi kwamba mashine inarekodi. Rudisha nyuma, ucheze ya jana usiku. Diski hufanya kazi saa 8,760 kwa mwaka bila kupumzika, kwa hiyo usitoe ya kompyuta ya mezani iliyokwishatumika ukaipachika humo. Hapa ndipo pa kumshawishi mteja atoe hela: diski mpya ya kamera, kama WD Purple au SkyHawk. Ukiwa umefungua DVR, puliza vumbi la feni, na kama saa inapotea kila umeme ukikatika, badilisha kile kibetri cha CR2032.

Mashine kuukuu isipopata tena masasisho, usiiache wazi kwenye intaneti. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

Siku kamera ikifa kweli, usinunue yoyote iliyo dukani. Tafuta yenye kitufe kidogo kwenye mkia kinachoibadilisha iendane na mfumo wa zamani wa analogi. DVR ikifa, chukua aina ya XVR inayopokea za zamani na mpya kwa kebo ileile, ili mteja abadilishe kamera mojamoja kadiri anavyopata.

Pale stooni sasa nimemfundisha mlinzi wa zamu ya asubuhi. Kila Jumatatu anacheza dakika mbili za rekodi ya saa nane usiku, kamera zote nane, anaandika daftarini. Mara mbili ameniita kabla sijajua kuna tatizo. Na mlio wa tahadhari nimeuwasha, mhasibu amehamishia meza yake dirishani.