Majibu kwa Wasomaji: Kufika Kwenye Folda Bila Kugusa Mausi

Salamu, wahariri. Natengeneza tovuti za hoteli na natumia Ubuntu. Kutwa naandika `cd ~/kazi/wateja/2024/nyali/tovuti` na kubonyeza Tab mpaka kidole chauma. Niliambiwa niweke zoxide, programu inayokurukisha hadi kwenye folda kwa amri fupi ya `z`. Nimeiweka, lakini nikiandika `z nyali` naambiwa "no match found". Kasoro ni nini?
*Msomaji, Tudor*

Ndugu yetu, zoxide haipekui diski. Kazi yake ni kuandika daftarini kila folda unayoingia, kuanzia siku uliyoiwasha. Folda ambayo hujaiingia tangu siku hiyo, kwake haipo. Siku ya kwanza daftari ni tupu, na wengi huiondoa hapo hapo wakidhani ni mbovu. Ipe wiki moja. Kama huna subira, lijaze daftari mwenyewe:

`zoxide add ~/kazi/wateja/*/*/*/`

Ile alama ya / ya mwisho usiisahau. Ndiyo inayofanya zichukuliwe folda tu, faili ziachwe.

Hata baada ya hapo, `z nyali` haitakufikisha kwenye `tovuti`. Neno la mwisho unaloandika lazima liwemo katika jina la folda ya mwisho ya njia, na njia yako inaishia `tovuti`. Andika `z tov` utafika. Ikiwa wateja kumi wote wana folda ya `tovuti`, andika `z nyali tov`. Ukigeuza ukaandika `z tov nyali`, hupati kitu, kwa kuwa maneno husomwa kwa mpangilio wa njia, kutoka juu kushuka.

Zikipatikana folda nyingi zinazolingana, hushinda yenye alama kubwa. Kila ukiingia folda huongezewa alama 1, halafu jumla hupimwa kwa muda wa mara ya mwisho: ndani ya saa moja huzidishwa kwa 4, ndani ya siku moja huzidishwa kwa 2, ndani ya wiki hugawanywa kwa 2, na zaidi ya wiki hugawanywa kwa 4. Basi mradi wa mwaka jana ulioingia mara 30 una alama 7.5, na wa sasa ulioingia mara 4 tu, mara ya mwisho leo asubuhi, una 8. Usishangae ukipelekwa kwa huo wa pili.

Wenye shida nyingine, wanaoambiwa `z: command not found`, wameweka programu wakasahau kuiunganisha. Mstari huu ukae mwisho kabisa wa faili ya `~/.bashrc`, kisha fungua dirisha jipya la teminali:

`eval "$(zoxide init bash)"`

Na usidharau vya bure vilivyomo ndani ya bash, programu inayosoma amri zako kwenye teminali. `cd -` hukurudisha ulikotoka, ukirudia unakwenda tena. Kwa mtu anayeruka baina ya folda mbili, hiyo peke yake yatosha. Kuna pia `CDPATH=.:~/kazi/wateja/2024`, ambayo ukiiweka kwenye `~/.bashrc` utaandika `cd nyali` ukiwa popote. Nukta itangulie, la sivyo folda ya mbali yenye jina lilelile itaipiku iliyo mbele yako. Wala usiandike `export` mbele yake: `cd` ikitumia CDPATH huchapisha njia kwenye skrini, na skripti zinazotegemea `cd` kimya huanza kuharibika bila mtu kujua kwa nini.

Hamjambo. Nimeanza kutumia Midnight Commander (`mc`), programu ya kusimamia faili ndani ya teminali. Nazunguka humo vizuri, lakini nikitoka najikuta palepale nilipoanzia. Halafu F10 haitoki, inafungua menyu ya dirisha. Nifanyeje?
*Msomaji, Kisauni*

La F10 ni jepesi: teminali yako imeinyakua kabla haijafika kwa `mc`. Bonyeza Esc, achia, kisha 0. Vitufe vyote vya F1 hadi F10 vina njia hiyo. Esc kisha 5 ni kunakili, Esc kisha 6 ni kuhamisha.

La kurudi ulipoanzia si kasoro ya `mc`. Kila programu inayoendeshwa kutoka teminali huwa na folda yake ya kufanyia kazi, na ikifa inakwenda nayo. Haiwezi kumhamisha mzazi wake, yaani bash, hata ikitaka. Ndiyo maana `z` haikutengenezwa kama programu ya kujitegemea. Ni fanksheni inayokaa ndani ya bash yenyewe. Kwa `mc` dawa yake ni kuiacha iandike folda ya mwisho kwenye faili ndogo, kisha bash iisome. Kwenye Debian na Ubuntu skripti hiyo huja na `mc`, ongeza tu mstari huu kwenye `~/.bashrc`:

`alias mc='. /usr/lib/mc/mc-wrapper.sh'`

Ile nukta na nafasi baada yake ndizo zenye kazi. Ukiziacha, skripti itaendeshwa kama mtoto mwingine na utarudi kulekule.

Ukitaka kuandika amri ndefu bila kutoka, Ctrl+O huficha paneli na kukuonyesha teminali, ukibonyeza tena zinarudi. Ctrl+\ hufungua orodha ya folda ulizoziwekea alama.

Shikamooni. Mimi ni karani wa ofisi ya klaringi, tunatumia Windows. Tuna PDF za manifesti na risiti kwa maelfu, nyingine kwenye diski ya ofisi, nyingine kwenye flashi. Kutafuta kwa Explorer, chai inapoa. Kuna njia ya haraka ya kibodi?
*Msomaji, Shimanzi*

Marahaba, dada. Weka programu iitwayo Everything, ni ya bure. Siri ya kasi yake ni kwamba haifungui folda moja moja: husoma jedwali ambalo diski ya NTFS (mfumo wa Windows wa kuhifadhi faili) tayari inalo, lenye majina ya faili zote. Andika `manifesti ext:pdf dm:today`, yaani PDF zenye "manifesti" kwenye jina zilizobadilishwa leo, na majibu huja unavyoandika. Enter hufungua faili, Ctrl+Enter hufungua folda iliyomo.

Flashi ndizo zitakazokusumbua. Nyingi hutumia mifumo mingine, FAT32 au exFAT, hazina jedwali hilo, kwa hiyo hazionekani mpaka uziongeze kama folda za kawaida kwenye mipangilio ya faharasa ya programu, na hizo huchukua muda kupekuliwa. Kama ofisi inaweza, hamishieni kila kitu kwenye diski ya NTFS na flashi ibaki ya kubebea tu.

Jambo la pili, Everything hutafuta kwa jina la faili. Skana inayotoa `scan0001.pdf`, `scan0002.pdf` itakushinda kwa programu yoyote ya aina hii. Badilisheni majina siku hiyohiyo: tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha namba ya kontena kamili, herufi 4 na tarakimu 7. Tarehe ikianza na mwaka, faili hujipanga zenyewe. Kwenye Explorer bonyeza F2, andika jina, kisha Tab badala ya Enter: unaingia moja kwa moja kwenye jina la faili inayofuata. Faili 40 hazimalizi hata nusu saa.

Vitufe vingine viwili vya Explorer: Alt+D hukupeleka kwenye upau wa anwani, na Alt pamoja na mshale wa juu hukupandisha folda moja.

Kwenye Ubuntu nimeweka fzf, programu ya kutafutia faili na amri ndani ya teminali, kwa apt, nikaandika `eval "$(fzf --bash)"` kama nilivyoelekezwa. Naambiwa "unknown option: --bash".
*Msomaji, Likoni*

Maelekezo ni mapya kuliko fzf yako. Chaguo hilo lilianza toleo 0.48, na lililomo kwenye Ubuntu 22.04 ni la nyuma zaidi. Angalia kwa `fzf --version`. Toleo la zamani latumia mstari huu:

`source /usr/share/doc/fzf/examples/key-bindings.bash`

Baada ya hapo Ctrl+R hutafuta amri za nyuma, Ctrl+T huweka jina la faili pale ulipo, Alt+C hukuhamisha folda. Ndani ya fzf, `risiti pdf$ !2022` maana yake: yenye "risiti", inayoishia na "pdf", isiyo na "2022". Alt+C ikiwa nzito, huenda inajaa folda za `node_modules`, zinazobeba maktaba za JavaScript. Weka `fd-find`, programu ya kutafuta faili, kwa apt, kisha:

`export FZF_ALT_C_COMMAND='fdfind --type d --exclude node_modules'`

Kwenye Debian na Ubuntu jina ni `fdfind`, maana `fd` lilishachukuliwa na programu nyingine.

Natumia Mac. Nikibonyeza Option na C nipate Alt+C ya fzf, inaandika ç.
*Msomaji, Nyali*

Kwenye mipangilio ya Terminal, upande wa kibodi wa wasifu unaoutumia, washa "Use Option as Meta key".