Mwendokasi inaishia Mbagala, kiwanda kiko Mkuranga

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama uchukue kazi ya kiwandani Mkuranga huku ukiendelea kuishi Temeke, Dar es Salaam, na kwa nini, pamoja na barabara zote zinazojengwa, mtu wa shifti bado anahangaika na usafiri. Mdau wa juu yangu amekujibu kwa maneno mawili: "Hamia Vikindu." Nitamrudia. Mimi nilianza kama kibarua kwenye kiwanda kimoja cha upande huo wa Barabara ya Kilwa, baadaye nikapewa kusimamia magari ya wafanyakazi. Jina la kiwanda tuliache.

Watu wanadhani anayekwenda nje ya mji asubuhi anasafiri kwa raha, kwa kuwa wenzake wote wanaelekea Posta na Kariakoo. Siti zipo, ni kweli. Ila dereva wa daladala ana hesabu ya bosi, yaani pesa ya kila siku anayompelekea mwenye gari, na asubuhi pesa iko upande wa kuingia mjini. Akitoka Kariakoo na abiria wachache, akifika Mtongani au Zakhem anawashusha na kugeuza. Wewe wa Rangi Tatu, stendi ya Mbagala, unatafuta gari jingine na unalipa upya. Konda hana haya, atakwambia gari bovu, na dakika mbili baadaye unaliona hilo hilo bovu linapakia watu wa mjini. Kukatisha ruti ni kosa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wanalijua, lakini alfajiri ile utamshtakia nani?

Na hapo bado hujatoka mkoani. Njia ya mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Kilwa inaishia Mbagala. Viwanda vingi viko mbele zaidi, kuanzia Vikindu hadi Mkuranga yenyewe, ambayo ni Mkoa wa Pwani. Rangi Tatu unapanda gari jingine, unapita kwenye foleni ya malori ya Kongowe, kisha ukishuka unakuta kiwanda kiko ndani, barabara ya vumbi, na hapo ni bodaboda au miguu. Ukichelewa getini, mwenye mkataba anaandikwa jina. Kibarua wa kutwa anaambiwa arudi kesho, na nauli imeshaliwa.

Piga hesabu mwenyewe. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Tufanye unapanda magari mawili tu kwenda na mawili kurudi, yote ya nauli hiyo ya chini: ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 ni 62,400. Kima cha chini cha viwandani kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Bodaboda sijaiweka, wala nauli halisi ya kwenda Mkuranga, ambayo haiwezi kuwa 600.

Shifti ya usiku ndiyo balaa kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na nyongeza yake ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa mtu wa 150,000 anayefanya saa 45 kwa wiki, saa kumi za usiku zinamletea nyongeza isiyofika shilingi 400. Hiyo hailipi hata daladala moja, achilia mbali boda wa usiku wa manane, ambaye bei anapanga yeye.

Sasa kilichotusaidia sisi. Kiwanda kilikuwa kinakodi Coaster, mabasi madogo, ila utaratibu wa zamani ulikuwa wa kumfuata kila mtu karibu na kwake. Gari likizunguka Mbagala Kuu, Charambe na Chamazi, wa kwanza kupanda anakaa ndani muda mrefu kuliko angepanda daladala. Tukafuta hiyo, tukaweka vituo vichache barabara kuu, kila kimoja mahali penye taa na watu: sheli, stendi, mbele ya kituo cha polisi. Akina mama wa usiku ndio walioshikilia hoja ya taa, na walikuwa sahihi. Tukaacha pia kumlipa mwenye gari kwa tripu, tukamlipa kwa mwezi. Ukimlipa kwa tripu, siku akipata harusi anakuacha kwenye mataa. Ukimlipa kwa mwezi ana cha kupoteza.

Lakini kilichopunguza gharama hasa ni saa. Kiwanda jirani nacho kilikuwa kinaingiza watu saa moja kamili, asubuhi na jioni. Magari yao na yetu yanapishana getini yakiwa nusu tupu, halafu yanalala kutwa nzima. Baada ya mabishano marefu (mameneja wa uzalishaji wanaogopa kugusa saa za shifti kana kwamba ukibadili mashine zitazira), wao wakasogeza hadi saa mbili kasorobo. Coaster zile zile zikawa zinaleta wetu, zinarudi Rangi Tatu, zinaleta wao. Hakikujengwa kitu.

Kwa hiyo ningeulizwa na serikali, nisingeanza na lami. Ningeomba LATRA watoe leseni ya ruti ya shifti: Rangi Tatu hadi viwandani, saa zinazojulikana, ikiwemo saa tano usiku na kumi alfajiri, na abiria yeyote apande. Viwanda vya eneo moja vichange kumhakikishia mwenye gari hesabu yake kwa tripu hizo, basi. Dereva hakimbii ruti ya usiku kwa uvivu, anaikimbia kwa sababu anarudi tupu.

Treni za SGR, reli mpya ya kisasa, zilizoanza kati ya Dar na Morogoro Juni 2024 zina stesheni za Pugu, Soga na Ruvu, na Kwala kule Kibaha kunajengwa eneo kubwa la viwanda. Ni habari njema kwa watu wa Gongo la Mboto, jirani na Pugu. Ila ratiba ikiandikwa kwa kumfikiria msafiri wa mbali, wa Dodoma, na kutoka stesheni hadi getini pakaachiwa bodaboda, yatajirudia ya Mbagala.

Nimrudie mdau wa "hamia Vikindu". Chumba kule ni rahisi, sibishi. Lakini mke ana genge Temeke, watoto wako shule, na mkataba wenyewe ni wa siku kwa siku. Ukishahama, kibarua kikiota nyasi unarudi na nini?

Ushauri wangu kwako: kabla hujasaini, uliza shifti inaanza na kuisha saa ngapi, gari la kampuni lipo hata siku za sikukuu, na kituo cha mwisho ni wapi. Wakisema lipo ila mnachangia, soma kwanza. Mwajiri hawezi kujikatia tu nauli kwenye mshahara; nje ya makato ya kisheria au ya mkataba wa chama cha wafanyakazi, anahitaji ukubali kwa maandishi. Mara nyingi hiyo karatasi inakuwa katikati ya fomu za siku ya kwanza, zile ambazo afisa utumishi anakuonyesha tu pa kuweka sahihi.