Upepo umetulia, bahari bado

Asubuhi ya baada ya dhoruba hudanganya. Upepo umekufa, jua linawaka, ufuko umejaa vitu ambavyo jana havikuwapo. Lakini mawimbi yaliyofumuliwa na upepo huko kina kirefu huendelea kufika pwani siku moja, mbili, hata tatu baadaye. Huja kwa makundi: maji yanalala kwa dakika kadhaa, kisha mawimbi matatu au manne makubwa yanafuatana na kupanda mchanga kuliko yote yaliyotangulia. Kwa hiyo kabla ya kushuka, simama pakavu utazame kwa dakika 20. Pale mchanga unapokoma kung'aa kwa unyevu ndipo mpaka wako. Tembea upande wa juu wake.

Shuka maji yakiwa yanakupwa, yakibakiza muda wa saa 2 hivi kabla ya kugeuka, na uanze kurudi yanapogeuka. Nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo usipange kwa saa ya jana. Hata jedwali la leo usiliamini lote: kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa inayokandamiza bahari, ikiwa bado chini, bahari husimama juu zaidi, karibu sentimita 1 kwa kila milibari (kipimo cha kanieneo) iliyopungua. Ikiwa pia ni bamvua, mwezi ukiwa umeandama au umepevuka, vighuba vyenye njia moja tu viache kabisa. Maji hufunga njia kwanza, ndipo yakufikie wewe.

Mchanga nao umebadilika. Mawimbi hula ufuko kwa chini na kuacha gema lililosimama wima. Juu nyasi na mizizi zimelishikilia, chini ni tupu. Usisimame ukingoni, wala usijikinge jua chini yake. Kwenye majabali, mvua iliyoingia nyufani huangusha mawe siku kadhaa baadaye. Mdomo wa kijito huenda umehama, na pale ulipokuwa pamebaki mchanga mlaini unaomeza mguu: chukua fimbo, choma kwanza, kisha kanyaga.

Kinachodharauliwa zaidi ni magogo. Gogo lililolowa lina uzito wa kumvunja mtu mguu, na maji ya kufika kifundoni tu yanatosha kuliviringisha. Likiwa kwenye mchanga mbichi, usilipande, usilikalie, usipite karibu yake.

Ndala ziache nyumbani. Vaa viatu vya soli ngumu, kwa kuwa mbao huja na misumari yake, na glavu ukitaka kuokota. Waya wa umeme ulioanguka, hata ukionekana umekufa, ukae mbali nao mita 10, na zaidi kama umegusa dimbwi. Mapipa, mitungi ya gesi na fataki za ishara za meli si vya kuokota. Toa taarifa tu.

Ndani ya lundo la mwani hujificha konyeza. Nyuzi zake huchoma hata akiwa amekufa na kukauka. Ukichomwa, usisugue mchanga: ondoa nyuzi kwa kibanio, suuza kwa maji ya bahari, kisha loweka kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzijoto 45, kwa dakika 20 au zaidi. Konokono wa bahari mwenye gamba la umbo la pia (koni), hata awe mzuri vipi, usimshike. Sumu ya baadhi yao huua na haina dawa ya kuipinga.

Kasa aliyetupwa ufukweni usimrudishe majini, huenda hana nguvu ya kuogelea. Mtie kivuli, zuia mbwa, piga simu kwa wahusika. Pomboo mloweshe ngozi bila kuziba tundu la pumzi, na usimvute mkia.

Kuogelea kusubiri siku 3, mpaka maji ya makaro na mito yaliyomwagika yasafike. Mwenye kidonda kibichi asiingize hata mguu.