Grini kadi na michango ya PAC Marekani

Umeuliza kama mwenye grini kadi anaweza kuchangia PAC, yaani kamati inayokusanya pesa za kampeni za siasa. Kuchangia ruksa ndugu, usiogope. Mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi kama wewe, yumo kundi moja na raia kwenye hili. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi kumchangia mgombea hata dola moja, uchaguzi uwe wa shirikisho au wa jimbo.

Kiasi kinategemea kamati. PAC ya kawaida, ile inayowapa wagombea pesa moja kwa moja, mwisho ni dola 5,000 kwa mwaka kwa kila kamati. Kamati ngapi? Zozote utakazo, maana Mahakama ya Juu ilifuta mwaka 2014 kikomo cha jumla ya michango ya mtu mmoja kwa kamati zote. Super PAC, ile inayotumia pesa zake yenyewe kumpigia debe au kumpinga mgombea, ndiyo haina kikomo kabisa cha mchango tangu 2010, ili mradi isimpe mgombea pesa wala kupanga naye matumizi (sharti kali kwenye karatasi, vitendo ni habari nyingine).

Watu wengi hunaswa hapa: shemeji anakupa dola 3,000, "ingiza kwa jina lako." Usithubutu. Kuchangia kwa jina la mwingine ni kosa, na wewe uliyekubali jina litumike umo. Pesa taslimu isizidi dola 100. Na ukivuka 200 kwa mwaka kwa kamati moja, jina lako, kazi yako na mwajiri wako vinaingia kwenye ripoti za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, ambazo hata bosi wako anaweza kuzisoma mtandaoni.